Sura ya 5: Nyani Ana Tumbo la Namna Gani?

Mkulima anayekesha kwenye dungu akilinda mahindi yake huuliza kwa hasira. Abiria anayepita Mikumi kwa basi huuliza akicheka. Swali ni lile lile: huyu mnyama hashindwi na chakula gani? Asubuhi yuko juu ya mgunga anatafuna maua. Jua likipanda anachimba ndago. Mchana anageuza mawe kutafuta nge na panzi, na jioni anatoka shambani na mahindi mawili mkononi na mengine mashavuni. Akimkuta mtoto wa swala amejilaza kwenye nyasi, naye hamwachi. Mtu akila nusu ya hayo kwa siku moja, usiku halali. Nyani mbona haharishi?

Wengi hudhani jibu liko tumboni, kwamba humo mna asidi kali kupita kiasi au nyongo ya ajabu inayoua kila sumu. Lakini madaktari wa wanyama wanaompasua nyani aliyekufa hawakuti maajabu. Wanakuta tumbo la chumba kimoja, utumbo mwembamba uliojikunja, utumbo mpana wenye mapindo, ini, kongosho na mfuko wa nyongo. Mwanafunzi wa udaktari aliyezoea mwili wa binadamu angetambua karibu kila kitu bila kufundishwa. Siri ya nyani iko juu zaidi, kabla chakula hakijafika kooni, na ndiyo maana sura hii inaanzia kwenye vidole vyake.

Nyani gani?

Afrika Mashariki ina aina mbili kubwa. Nyani wa manjano, mwembamba na mwenye miguu mirefu, ndiye wa Mikumi, Ruaha na ukanda wa pwani. Nyani mwenye rangi ya zaituni, mabega manene na manyoya mazito, ndiye wa Gombe, Manyara, Serengeti na sehemu kubwa ya Kenya na Uganda. Zinapokutana huzaliana, na Amboseli ni mahali pamoja ambapo damu zao zimechanganyika. Dume aliyekomaa huwa na kilo 20 hadi 30, na jike karibu nusu ya hapo. Kwa habari ya tumbo hawana tofauti ya kutusumbua.

Usagaji chakula huanzia vidoleni

Tazama nyani mmoja kwa makini wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na matunda yameisha. Amekaa kitako, anachimba. Anachotafuta ni vile vishina vinene vya nyasi na ndago vilivyofichwa ardhini, ambamo mmea umeweka akiba yake ya wanga. Akiking'oa kimoja hakitii mdomoni. Anapangusa udongo kwa viganja, anamenya ganda la nje, anakata mizizi kwa meno ya mbele na kutema. Kinachobaki ni kipande kidogo cheupe, kisichozidi punje ya karanga. Hicho ndicho anachokula. Kisha anaanza upya, na kazi hiyo anaweza kuifanya kwa saa nyingi.

Mvua zikinyesha anabadilika. Sasa anachuma majani machanga ya nyasi, yale laini, na kuyaacha yaliyokomaa. Kwenye mgunga anakula maua, mbegu mbichi na gundi inayotoka kwenye gome, lakini majani magumu mara nyingi anayapita. Nge anamshika kwa uangalifu na kumng'oa mkia wenye mwiba wa sumu kabla ya kumtafuna. Ndiyo kusema, nyani hali kila kitu. Anakula kisehemu kizuri cha kila kitu, na tofauti hiyo ni kubwa.

Hapa ndipo namwonea huruma mkulima, kwa sababu shamba la mahindi ni jibu la matatizo yote ya nyani kwa pamoja. Wanga mwingi, hakuna miiba, hakuna sumu, na ganda linatoka kwa mvuto mmoja. Mbegu iliyofukiwa juzi anaijua pia, kwa kuwa kufukua ardhi ndiyo kazi aliyoizoea tangu utotoni. Hakuna mmea wa porini unaolipa vizuri hivyo kwa dakika moja ya kazi.

Mtafiti Stuart Altmann aliwafuata watoto wa nyani wa Amboseli katika miaka ya 1970, akiandika kila walichotia mdomoni: nini, kiasi gani, kwa muda gani. Baadaye alilinganisha milo yao halisi na mlo ambao kwa hesabu ungewapa nguvu na protini nyingi bila kuwazidishia sumu. Matokeo, aliyoyachapisha katika kitabu mwaka 1998, yanashangaza: majike ambao wakiwa wadogo walikula kwa kuukaribia mlo huo bora ndio walioishi vizuri zaidi na kuzaa zaidi walipokua. Mnyama tunayemwita mlafi, maisha yake yote huamuliwa kwa sehemu na jinsi alivyochagua chakula kabla hajatimiza hata miaka miwili.

Uchaguzi huo hujifunzwa. Mtoto wa nyani husogeza pua yake hadi kwenye mdomo wa mama anayetafuna, ananusa, kisha anakwenda kutafuta kitu chenye harufu ile. Mwaka 1984 mtafiti Shirley Strum alihamisha makundi matatu ya nyani kutoka eneo la Gilgil, ambako mashamba yalikuwa yameongezeka na ugomvi na wakulima umekuwa mkubwa, akawapeleka nyanda kavu za Laikipia. Tumbo lilikuwa lile lile, lakini mimea mingi ilikuwa migeni, na ilibidi wajifunze upya kipi ni chakula.

Meno 32, na manne yasiyo ya chakula

Nyani ana meno mangapi? Kama wewe: 32, tena kwa mpangilio ule ule. Meno ya mbele ni mapana, ya kumenya na kukata. Magego ya nyuma, yaani yale makubwa ya kusagia, yana matuta mawili yanayopita kwa upana wa jino. Matuta ya juu huingia kwenye mabonde ya chini, hivyo jino moja hukata na kusaga kwa wakati mmoja. Linafaa kwa mbegu, linafaa kwa jani, linafaa kwa panzi.

Kinachotisha watu ni chonge, yale meno marefu ya pembeni. Za dume hukaribia sentimita 5, na ya juu hujinoa yenyewe kila mdomo unapofungwa, kwa kusuguana na jino la chini lililo nyuma ya chonge ya chini. Watu wengi huziona na kusema, "Huyu ni mla nyama." Si hivyo. Jike ana chonge fupi na anakula karibu vyakula vile vile. Chonge ndefu za dume ni silaha ya kupigania cheo na majike, na ya kumtishia chui. Siku akipata nyama zitamsaidia, lakini hazikuwekwa hapo kwa ajili ya nyama.

Na nyama anaipata. Gilgil hiyo hiyo, katika miaka ya 1970, watafiti waliona madume wakiwinda sungura na watoto wa swala tomi mara kwa mara, tena wakizidi kuwa hodari. Hata hivyo, katika mlo wa mwaka mzima nyama huwa ni sehemu ndogo sana. Mimea ndiyo inayomlisha.

Shavu linalovimba

Sasa tufike kwenye kile kiungo kinachomfanya mkulima aape kwamba nyani humeza bila kutafuna. Kila upande wa uso, kati ya shavu na meno ya chini, kuna tundu linaloingia kwenye mfuko wa ngozi laini unaoshuka hadi shingoni. Huo ni mfuko wa shavu. Ukiwa mtupu huuoni. Ukijaa, shingo nzima inabadilika umbo. Mifuko yote miwili ikijazwa, chakula kilichomo hukaribia kile kinachoweza kukaa tumboni.

Nyani aliyeko shambani basi hali, anakusanya. Anapukuchua, anajaza, anakimbia. Akishafika juu ya mti au mwamba, mahali ambapo mbwa hawamfikii wala dume mkubwa hawezi kumnyang'anya, anakaa. Anaukandamiza mfuko kwa nyuma ya kiganja, punje zinarudi mdomoni kidogo kidogo, na sasa ndipo anapotafuna taratibu. Mifuko hii hutumika zaidi pale penye hatari au ushindani. Chakula kilichotawanyika ovyo, ambacho hakuna anayekigombea, hana haja ya kukificha.

Lakini mfuko una kazi ya pili ambayo haionekani kwa nje. Mate ya nyani yana wingi wa kimeng'enya cha kuvunja wanga. Kimeng'enya ni protini maalumu inayoharakisha kazi fulani mwilini, na hiki hukata wanga kuwa sukari. Ukitafuna ugali mtupu kwa muda mrefu utausikia ukianza kuwa mtamu, na ni kimeng'enya cha aina hiyo kinachofanya kazi. Kwako wewe, muda ni mfupi kwa sababu unameza upesi. Mahindi ya nyani yanaweza kulowa mate shavuni kwa muda mrefu kabla ya kumezwa, kwa hiyo yanafika tumboni yakiwa yameshaanza kusagwa.

Mate hayo yana pia protini zinazonasa tanini. Tanini ni ile kemikali inayokausha mdomo ukila ndizi mbichi au tunda la mkorosho lisiloiva vizuri. Mmea huitumia kuwachukiza walaji, maana tanini hushikamana na protini za chakula na kuzifanya zisisagike. Protini za mate hujitoa mhanga: tanini inashikamana nazo mdomoni, na protini za chakula zinasalimika.

Kima na tumbili wanayo mifuko ya mashavu. Sokwe hana, na sisi hatuna. Mbega pia hana, na yeye ndiye anayestahili kusimamishwa kando ya nyani ili jambo lieleweke.

*Kwa ufupi hadi hapa: chakula kimechaguliwa kwa mkono, kimemenywa, kimesagwa kwa meno na kulowekwa kwa mate. Sehemu kubwa ya hatari imeshaachwa chini ya mti.*

Tumbo la kawaida, na tumbo la mbega

Umio ni bomba linalotoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake kuna tumbo la nyani, mfuko mmoja uliopinda, wenye asidi inayoua vijidudu vingi na kuanza kuvunja protini. Hakuna vyumba vinne kama vya ng'ombe, wala kucheua. Chakula kinachanganywa, kinakuwa uji mzito, kinasukumwa mbele.

Mbega amechukua njia nyingine kabisa. Tumbo lake ni kubwa, limegawanyika katika vyumba, na chumba cha mwanzo kimejaa bakteria wanaochachua majani kabla hayajafikiwa na asidi. Bakteria hao huvunja nyuzinyuzi, na baadhi ya sumu za majani huharibiwa hapo hapo. Kwa hiyo mbega anaweza kushiba majani yaliyokomaa ambayo nyani angeyatema. Ila amelipa gharama: matunda matamu yaliyoiva sana ni hatari kwake, kwani sukari nyingi huwafanya bakteria wale watoe asidi kupita kiasi. Kima punju wa Jozani, Unguja, ambaye ni ndugu wa mbega, ameongeza mbinu yake mwenyewe. Hula mkaa anaouokota kwenye matanuru na maeneo yaliyoungua, na inaaminika mkaa huo hunasa sumu za majani ya mkungu na mwembe anayoyapenda.

Nyani hakujifunga hivyo. Tumbo lake halina uwezo wa kuhimili rundo la majani magumu, lakini halimkatazi tunda, yai, gundi, asali wala nyama. Kwa kukosa ubingwa, amepata uhuru.

Utumbo mwembamba

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa mambo ni kama yalivyo kwako. Uji kutoka tumboni unakutana na nyongo, inayotengenezwa na ini na kutawanya mafuta, pamoja na maji ya kongosho yenye vimeng'enya vya kila namna: vya wanga, vya protini, vya mafuta. Kuta za ndani zimejaa vinyweleo vidogo sana vinavyonyonya chakula kilichovunjwa na kukiingiza kwenye damu. Damu hiyo hupita kwanza kwenye ini, ambalo hudhoofisha sehemu ya sumu zilizoponyoka mkononi na mdomoni.

Ukitaka kukumbuka nini kinavunjwa wapi, ni hivi:

- wanga wa ndago na mahindi: mdomoni na shavuni, kisha utumbo mwembamba;
- nyama, mayai na wadudu: tumboni, kisha utumbo mwembamba;
- mafuta ya mbegu: utumbo mwembamba, kwa msaada wa nyongo;
- nyuzinyuzi za nyasi na maganda: si kokote kati ya hapo.

Mstari huo wa mwisho ndio unaotupeleka mbele. Hakuna nyani wala binadamu anayetengeneza kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za mimea.

Mahali panapochacha

Utumbo mwembamba ukiishia, unaingia ubavuni mwa kifuko kipana kilichofungwa upande mmoja. Wataalamu hukiita sekamu. Kwa binadamu, kwenye ncha yake huning'inia kidole tumbo, kile kinachowapeleka watu chumba cha upasuaji usiku wa manane. Nyani hana kidole tumbo, bahati yake. Ana sekamu yenyewe, na baada yake utumbo mpana, wenye misuli mirefu inayouvuta na kuufanya ukunjamane kuwa mlolongo wa vifuko.

Vifuko hivyo vinachelewesha mambo kwa makusudi. Mabaki ya majani na maganda hukwama humo, na bakteria huyachachua, kama pombe ya mtama inavyoachwa mtungini ijifanyie kazi. Kwa mnyama huyu chakula huchukua zaidi ya siku moja kutoka mdomoni hadi nje. Bakteria wakishakula nyuzinyuzi, hutoa asidi ndogo ndogo za mafuta, na asidi hizo hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu kama nishati. Nyani analishwa na vijidudu vyake, kwa chakula ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukisaga.

Ng'ombe na mbega huchachua kwanza, kisha husaga. Nyani husaga kwanza, akajipatia sukari na protini zote rahisi, halafu huchachua masalia. Kwa mla vyote, mpangilio huu una faida dhahiri: tunda tamu linanyonywa kabla ya kuwafikia bakteria, hivyo halichafui chochote. Hasara ni kwamba uchachushaji wa mwisho wa safari hautoi yote, na nyasi zilizokauka kabisa haziwezi kumtosheleza. Ndipo anaporudi kuchimba ndago.

Wapangaji wa utumbo

Bakteria hao wanatoka wapi? Amboseli imetoa majibu mazuri zaidi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, kwa sababu nyani wake wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1971, kila mmoja akijulikana mama yake, rafiki zake na kundi lake. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa nyani wanaochambuana manyoya mara nyingi wana bakteria wa tumboni wanaofanana, hata baada ya kuzingatia kwamba wanakula pamoja. Mnapochambuana, mnaambukizana vijidudu. Mwaka 2021 ukafuata utafiti mkubwa zaidi wa sampuli 16,234 za kinyesi, kutoka kwa nyani 585, zilizokusanywa kwa miaka 14. Ulionyesha kuwa karibu kila sifa ya jamii hizo za bakteria huathiriwa kwa kiasi fulani na urithi wa ukoo, ingawa kiasi chenyewe hubadilika kulingana na majira, chakula na umri.

Fikiria kazi ya watu waliookota vinyesi hivyo 16,234 juani, wakiandika jina la mwenyewe kila mara.

Kinachotoka

Kinyesi cha nyani humweleza mengi anayejua kukisoma. Miezi ya mvua kina nyuzi za kijani. Msimu wa matunda kimejaa mbegu nzima, kwa kuwa zile ndogo na ngumu huponyoka matutani mwa magego na kupita salama. Kwa njia hiyo nyani hupanda mbegu za miti mbali na mti mama. Pia hupanda asichotakiwa kupanda: kule Laikipia mpungate, mmea mgeni wenye asili ya Amerika, umesambaa sana, na nyani ni mmoja wa wanaoueneza. Hula matunda yake kwa pupa na kuacha mbegu kila anapolala.

Nyani wa jalalani

Mfumo wote huu, kuanzia kidole hadi utumbo mpana, umejengwa kwa mnyama anayetembea kilomita kadhaa kwa siku na kumenya kila tonge. Sasa mwekee karibu jalala la hoteli ya watalii.

Ilitokea Amboseli, na wakati huo watafiti walikuwepo kupima. Nyani waliojitafutia chakula porini walikuwa na mafuta mwilini ya karibu 2% ya uzito. Wale wa kundi lililoishi kwa mabaki ya hoteli, wa eneo lile lile, walikuwa na karibu 23%. Damu yao ilionyesha pia insulini kuwa juu, dalili ile ile inayowatia wasiwasi madaktari wa binadamu kuhusu kisukari. Hakuna kilichokuwa na kasoro tumboni mwao. Mkate, wali na maganda ya matunda vilisagwa vizuri mno. Kazi iliyokosekana ni ile ya vidole na miguu, na nyuzinyuzi zilizokuwa zikijaza utumbo mpana hazikuwepo.

Maasai Mara ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, kundi moja ambalo mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akilifuatilia lilikuwa na madume wakorofi waliozoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli iliyokuwa katika eneo la kundi jirani. Kisha jalalani ikatupwa nyama ya ng'ombe wenye kifua kikuu. Nyani anajua kumng'oa nge mkia na kukitema kishina kichungu, lakini nyama yenye kifua kikuu haina ganda la kumenya wala harufu ya kumwonya, na asidi ya tumbo haikutosha kuwaua bakteria wake. Madume waliokuwa wakienda jalalani walikufa wote. Waliobaki porini, majike na madume wapole, waliendelea kuchimba ndago.

Barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi ina nyani wanaokaa ukingoni wakisubiri mabasi, na kuwarushia chakula ni marufuku. Ndizi inayorushwa dirishani imeshamenywa.